Spika ya kuitia wanyama ikinyeshewa: dalili, chanzo na dawa yake

Kusini mwa Uganda mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi kuelekea Desemba. Kaskazini, Acholi na Karamoja, msimu ni mmoja mrefu, Aprili hadi Oktoba hivi. Kwa hiyo anayetumia spika ya kuitia wanyama, awe mwongoza wawindaji kwenye ranchi zinazozunguka Ziwa Mburo au mtafiti anayepiga mlio wa ndama wa nyati usiku ili kuhesabu simba na fisi katika hifadhi za Queen Elizabeth au Murchison, atanyeshewa tu. Kifaa kikianza kusumbua, wengi husema "maji yameingia" na uchunguzi unaishia hapo. Lakini maji yana njia nyingi za kuingia, na kila njia ina dalili yake. Tena mengi yanayoua spika hayatoki juu: hufyonzwa kutoka chini, hufuata waya, au ni unyevu uliofungiwa ndani na kaveera (mfuko wa plastiki) ile ile iliyowekwa kukinga. Ndiyo maana dawa nyingi hapa chini zinaelekea upande mmoja: spika ijengewe paa, isivalishwe nguo.

Kibali kitangulie. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na ndani ya hifadhi usipige mlio wowote bila ruhusa iliyoandikwa ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA). Hakikisha kifaa cha sauti kimetajwa kwenye karatasi hiyo, si bunduki na idadi ya wanyama tu.

Kabla ya kushika bisibisi

Weka rimoti kando. Bonyeza kitufe cha kuchezesha kwenye spika yenyewe. Ikilia vizuri, spika ni nzima na tatizo liko kwenye rimoti au hewani. Taa ikiwaka bila sauti, au sauti ikitoka mbovu, angalia honi (mdomo wa spika wa umbo la tarumbeta), waya wake na kikuza sauti. Taa isipowaka kabisa, usiendelee kubonyeza. Toa betri sasa hivi, kisha soma sehemu ya "Haiwaki kabisa". Kila sekunde ambayo umeme unapita kwenye bodi yenye maji, shaba inaliwa.

Sauti imezibwa, haifiki mbali

Hili ndilo lalamiko la kwanza siku ya mvua, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Sababu ya kawaida ni kaveera. Kaveera iliyobanwa kwenye mdomo wa honi hula kwanza sauti nyembamba: kilio cha sungura au kanga hufifia, ilhali mlio mzito wa fisi bado unasikika vizuri. Ndiyo maana mtu hujaribu kwa mlio wa fisi, akaridhika, halafu akashangaa mbweha hawaji. Jaribu kwa mlio mwembamba. Kama una simu yenye programu ya kupima desibeli, simama mita 5 mbele ya honi, chezesha mlio ule ule pamoja na kinga na bila kinga. Tofauti ikizidi desibeli 3, kinga hiyo itupe.

Sababu ya pili ni maji yaliyotuama ndani ya honi. Honi iliyoelekezwa juu kidogo, hata nyuzi 5, hukusanya mvua kama bakuli. Zile honi za kukunja, za aina inayofungwa kwenye minara ya misikiti na juu ya magari ya matangazo, huficha maji kwenye mkunjo wa ndani ambako huwezi kuyaona. Igeuze mdomo chini, itikise, iache dakika 10. Unapoitega, iinamishe nyuzi 10 hadi 15 chini. Sauti haipotei kwa kiasi cha kukusumbua.

Sababu ya tatu inahusu spika zenye koni ya karatasi. Karatasi ikilowa huwa nzito na legea, sauti inakuwa ya tumbo. Iache ikauke kivulini siku nzima kabla ya kuichezesha kwa nguvu, maana koni iliyolowa huchanika kwenye ukingo. Kwa kazi ya msituni koni ya karatasi si chaguo. Tafuta ya plastiki, au honi yenye utando wa plastiki au wa titani.

Paa lenyewe ni rahisi. Chukua jerikeni ya lita 20. Ilaze kwa ubavu mpana. Kata kitako chote, huo ndio mlango wa mbele. Kata pia ubavu ulio chini. Unabaki na dari, kuta mbili na mgongo wenye mdomo wa jerikeni. Kizibo kitoe ili hewa ipite, mdomo wenyewe uinamie chini. Spika ikae ndani juu ya vipande viwili vya mbao vya sentimita 4, au ining'inie kwa kamba, mdomo wa honi ukiwa sentimita 10 nyuma ya ukingo wa paa. Acha nafasi ya sentimita 3 kila upande. Plastiki ikigusa honi itatetemeka na kutoa mlio wa nyuki. Funika dari kwa gunia lililokunjwa mara mbili. Gunia lina kazi mbili: linaua rangi ya njano, ambayo wanyama wanaiona vizuri, na linazima mdundo wa matone. Jerikeni tupu chini ya mvua ni ngoma.

Inakwaruza na kukatika-katika

Punguza sauti hadi robo. Mkwaruzo ukiisha, tatizo ni nguvu: betri imeshuka, kikuza sauti kinakata vilele vya mawimbi, na unachosikia ni umeme usiotosha, si maji. Nenda kwenye sehemu ya betri.

Mkwaruzo ukibaki hata kwa sauti ya chini, zungusha kitufe cha sauti polepole. Ukibadilika-badilika kadiri unavyozungusha, unyevu na vumbi vimo ndani ya kitufe. Dawa ni spreyi ya kusafishia viungo vya umeme, matone mawili, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara 20. Usipotikisa kitufe lakini mkwaruzo unakuja ukitikisa waya, kagua plagi ya spika ya nje. Plagi ndogo ya milimita 3.5 ikilowa hutoa sauti ya kukaanga. Ifute, itie grisi ya silikoni kidogo sana kwenye mpira wake wa nje, si kwenye chuma chenyewe.

Mkwaruzo unaofuata mlio, yaani upo kwenye sauti nzito tu na hautoki hata kwa betri mpya, ni koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) inayosugua. Tope au kutu vimeingia kwenye mwanya wa sumaku. Hakuna spreyi ya kuondoa hilo. Badilisha spika.

Jinsi ya kupima spika peke yake: iondoe kwenye waya, gusisha betri moja ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa sekunde moja. Ikitoa "tak", koili ni nzima. Kwa mita ya umeme, spika ya omu 8 huonyesha 6 hadi 7, ya omu 4 huonyesha 3 na kitu. Ikionyesha haina mwisho, koili imekatika.

Rimoti haifiki kama jana

Watu huilaumu mvua inayonyesha. Kwa umbali wa mita 200, matone yenyewe yanapunguza mawimbi ya gigahezi 2.4 kidogo mno kiasi cha kutopimika. Mwizi ni majani yaliyolowa. Maji yaliyoshika kwenye majani hunyonya mawimbi, na matete yaliyokomaa yanakupita kimo. Spika iliyowekwa chini katikati ya nyasi zenye maji inaweza kupoteza nusu ya umbali wake au zaidi, na ikikauka yote yanarudi.

Kwa hiyo inyanyue. Mita 1 hadi 1.5 juu ya ardhi, kwenye tawi la mgunga au kigingi cha mti, antena ikiwa wima na isiguse jani wala waya. Rimoti nayo ishike wima, mbali na kifua. Mwili wako una maji mengi kuliko kichaka. Kama bado haifiki, sogea wewe ili kati yako na spika pawe na uwazi, hata ikibidi kukaa pembeni kidogo ya mahali ulipopachagua.

Kukinga rimoti, kaveera nyembamba inayopitisha mwanga inafaa kabisa, maana rimoti haitoi sauti. Ila pakiti ya krispi usiitumie: ndani imepakwa chuma, na mawimbi hayapiti. Na mkoba wa kuzuia maji usiukaze kwa mpira kiasi cha kubonyeza vitufe vyenyewe.

Inazima yenyewe baada ya dakika chache

Pima betri ikiwa kazini, sauti ikiwa juu, si ikiwa imepumzika. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa husimama kwenye 12.7 hivi ikipumzika, 12.2 ni karibu nusu, 11.8 imeisha hata kama mita inakuonyesha "kumi na moja na kitu" na moyo wako ukakuambia bado ipo. Ikishuka chini ya 10.5 ikiwa kazini, zima, vinginevyo unaiua. Betri ya ampea-saa 7, spika ikila ampea 1 kwa wastani, ihesabie saa tatu na nusu, si saba, kama unataka idumu.

Seti ya betri ndogo 8 za kuchajiwa hutoa volti 9.6, zile za kutupa hutoa 12 zikiwa mpya lakini hulegea haraka kwenye baridi. Asubuhi ya mvua Kabale au Kisoro, zinaweza kuzimika zikiwa na nusu ya nguvu yake. Tumia za kuchajiwa za nikeli, ubebe seti ya pili mfukoni mwa ndani, karibu na mwili.

Kama volti ni nzuri lakini bado inazima, toa betri uangalie springi. Unga wa kijani au mweupe ni ukinzani. Msugue kwa raba ya kufutia penseli au msasa laini sana, futa kwa spiriti, kausha. Springi moja iliyolegea inatosha kuzima kifaa kila honi inapopiga mlio mkubwa.

Betri ya nje haitakiwi kukaa kwenye nyasi. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya jiwe, na weka fyuzi ya ampea 3 karibu na ncha chanya. Waya usiingie kwenye spika ukitokea juu. Ushushe kwanza ufanye tumbo la sentimita 5 chini ya tundu, kisha upande kuingia. Maji yanayofuata waya yatadondoka kwenye tumbo hilo. Kusahau tumbo hilo kunaua spika nyingi ambazo wenyewe wanaapa hazikunyeshewa.

Ukungu ndani ya kioo, ingawa kisanduku kimefungwa

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Kisanduku kimefungwa vizuri, gasketi (mpira wa kuzibia mfuniko) ni nzima, lakini ndani kuna matone. Mtu anaongeza silikoni kila mahali, na wiki ijayo ukungu umezidi.

Fikiria kinachotokea. Saa saba mchana kisanduku cheusi kimekaa juani, hewa ya ndani imefika nyuzi 40. Upepo wa mvua unakuja, matone baridi yanapiga, hewa ile inashuka hadi 22. Shinikizo la ndani linapungua kwa karibu asilimia 6. Kwa mwinuko wa Mbarara, huko ni sawa na kukizamisha kisanduku karibu nusu mita majini. Maji yaliyoshika kwenye mshono wa mfuniko yanavutwa ndani kupitia mwanya usioonekana. Jua likirudi, hewa inatoka, maji yanabaki. Mzunguko huo ukirudiwa kila alasiri, kisanduku "kisichoingiza maji" kinajaa unyevu.

Alama za kimataifa hazikuokoi hapo. IPX4 maana yake kifaa kinastahimili maji ya kurushiwa. IPX7 kimezamishwa mita 1 kwa dakika 30. Majaribio hayo hufanywa kifaa kikiwa kipya, gasketi laini, bila punje ya mchanga.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kukipa kisanduku pumzi: kizibo chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Taa nyingi za mbele za magari zina kizibo cha namna hiyo mgongoni, na taa mbovu za kukitolea hazikosekani kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Toboa tundu upande unaotazama chini, kibandike. Njia ya pili, kwa kisanduku cha bei nafuu, ni tundu tupu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa, maji yanayoingia yapate pa kutokea. Lizibe kwa kipande cha wavu wa mbu. Bila wavu sisimizi watahamia, na sisimizi waliokufa kwenye bodi huleta shoti kama maji.

Ndani weka vipakiti vya kufyonza unyevu, gramu 20 hadi 30 kwa kisanduku cha ukubwa wa tofali. Vile vya kwenye maboksi ya viatu vinafaa, lakini vikiwa vimekaa wazi kwenye droo vimeshashiba. Vikaushe kwenye oveni, nyuzi 120, saa mbili, punje zikiwa kwenye sahani ya chuma na si kwenye karatasi yake. Na usiitoe spika baridi kutoka gari lenye kiyoyozi moja kwa moja kwenye hewa nzito ya alfajiri: iache ndani ya begi iliyofungwa dakika 20 hadi 30 ilingane na joto la nje.

Gasketi yenyewe ikague kwa karatasi ya chooni. Funga mfuniko juu ya kipande, kivute. Kikitoka bila kukwama, sehemu hiyo haibani. Rudia kila sentimita 5. Paka grisi ya silikoni nyembamba, si vaselini wala grisi ya gari; hizo huvimbisha aina fulani za mpira. Kama lazima uzibe nyufa, nunua silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na hula shaba.

Haiwaki kabisa

1. Toa betri. Toa memori kadi. Fungua vifuniko vyote vya mpira. Usijaribu "kuona kama inawaka", na usiichomeke chaja.
2. Igeuze mdomo chini, itikise, ifute.
3. Ifungue mapema iwezekanavyo. Kama iliingia maji ya tope au ya dimbwi, suuza bodi kwa maji ya betri, yale yaliyotolewa chumvi, yasiyo na asidi, kisha kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi, na nyingine zimetiwa mafuta yanayobaki. Piga mswaki laini kuzunguka miguu ya chipu.
4. Kausha kwa feni saa 24 hadi 48, joto lisizidi nyuzi 45. Juu ya sigiri hapana: plastiki hujikunja na gundi ya koili huyeyuka.
5. Rudisha betri, jaribu kwa sauti ya chini.

Mchele hausaidii. Unafyonza kidogo kuliko hewa ya feni na unaacha vumbi la wanga kwenye soketi. Betri ya lithiamu iliyolowa ikivimba, au ikipata joto bila kazi, haichajiwi tena. Iweke nje, mbali na nyumba, kisha ipelekwe kwa wanaopokea taka za umeme.

Ilipona, ikafa baada ya wiki mbili

Ilikauka bila kusuuzwa. Chumvi za maji ya mvua na tope zilibaki kwenye bodi, na kila unyevu wa usiku ukaziamsha. Fungua, tafuta vidoa vya kijani karibu na soketi ya chaji na ncha za betri, maana umeme hauishi hapo. Safisha kama hapo juu. Kisha, bodi ikiwa kavu kabisa, ipulizie vanishi ya bodi za umeme tabaka mbili nyembamba, ukiwa umeziba kwa utepe kitufe cha sauti, soketi zote, nafasi ya memori kadi na springi za betri. Ukikosa vanishi, rangi ya kucha isiyo na rangi inakinga viungo vichache vya risasi. Usiipake bodi nzima.

Kutu ikishaingia chini ya chipu, njia za shaba zikawa nyeusi na kukatika, fundi wa Katwe, Kampala, ataweza kuziunga kwa waya, lakini kwa bei ya kikuza sauti kipya cha volti 12. Mara nyingi ni afadhali kununua hicho kikuza sauti, kukiunganisha na honi ile ile na simu ya zamani yenye milio, na kukiweka kwenye kopo la chakula lenye mfuniko wa kubana na tundu lake la chini. Rimoti utaikosa, lakini waya wa mita 30 wenye nyuzi mbili za milimita 1.5 mraba unaifanya kazi hiyo bila kujali matete.

Mvua kubwa na radi

Mvua ikipiga kiasi kwamba husikii mlio wako ukiwa mita 50, mnyama naye hausikii. Zima, okoa betri, usubiri. Dakika za kwanza baada ya mvua hewa hutulia na mlio husafiri mbali. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Acha spika pale ilipo, hata kama imening'inia kwenye mgunga mrefu, uingie kwenye gari lililofungwa. Waya wa mita 30 uchomoe upande wako kabla radi haijakaribia, na usirudi kuushika hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.